Kero ya zahanati: umpe mbunge akaulize Dodoma, uwaandikie kamati, au umbane diwani hapa hapa?

Kila Bunge likianza, magrupu ya WhatsApp ya huku Mtwara na Lindi yanajaa vipande vya video, mbunge kasimama, "Mheshimiwa Spika, je, ni lini Serikali itamalizia boma la zahanati ya kijiji fulani", naibu waziri anasimama anajibu, watu wanamwaga emoji za makofi, imeisha hiyo. Mwaka unakatika boma, yaani lile jengo lililoanzwa halijamaliziwa, liko vile vile, popo wamehamia, na grupu linagawanyika, hawa wanasema mbunge hana kazi, wale wanasema jamani mbunge kasema mpaka kachoka serikali ndo haisikii. Mi nafuatilia sana haya mambo na ninavoona ugomvi mwingi ni wa bure, manake kero ilipelekwa kwa mtu ambae hata angetaka hana uwezo wa kuimaliza, wakati mwenye uwezo yuko kilomita chache tu na hajaulizwa na mtu.

Kwahiyo naweka hapa njia nne ubavuni kwa ubavu, swali la bungeni, kamati za Bunge, diwani na baraza lake, na kamati ya zahanati yenyewe, uone ipi inafaa kwa lipi. Sio kwamba zote zina uzito sawa, na nitasema wazi ipi naikubali zaidi.

Kabla ya yote jua hiyo huduma ni ya nani

Hapa ndo watu wengi wanapigwa chenga. Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya viko chini ya halmashauri, na juu ya halmashauri ni TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais inayosimamia mikoa na serikali za mitaa. Lakini hospitali za rufaa za mkoa, Ligula pale Mtwara mjini na Sokoine pale Lindi mjini, na ile hospitali ya rufaa ya kanda ya kusini pale Mitengo hizo ni za Wizara ya Afya moja kwa moja, diwani wako hata akigonga meza mpaka ivunjike hana bajeti ya kule. Ndanda na Nyangao ni za misheni, wana utaratibu wao na serikali ila mwenye hospitali sio halmashauri. Halafu kuna ustawi wa jamii, mambo ya wazee, watoto walioko kwenye hatari, watu wenye ulemavu, huyo afisa ustawi unaemuona halmashauri bosi wake ni mkurugenzi lakini sera anazozifuata zinatoka Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, ambayo ilitenganishwa na Afya Januari 2022. Ndo maana unaweza kukuta swali la mzee kukosa matibabu linajibiwa na wizara moja kuhusu dawa, na kuhusu utambuzi wa huyo mzee wakaelekezwa wizara nyingine. Ukikosea hapa umeshapoteza miezi.

Swali la bungeni

Uzuri wake ni mmoja na ni mkubwa, jibu linaingia kwenye Hansard, ile kumbukumbu rasmi ya maneno yote yanayosemwa bungeni. Naibu waziri akisema "shilingi kadhaa zimetengwa mwaka huu wa fedha kwa zahanati ya kijiji chenu" hayo maneno hayafutiki, unaweza kuyachapisha ukaenda nayo kwa mkurugenzi ukamuuliza mzee hizi hela mbona hatuzioni. Hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayokupa karatasi ya namna hiyo kirahisi, tena ya bure, inasomeka mtandaoni.

Ubaya wake ni kwamba maswali yetu mengi yanaulizwa kizembe. "Je, ni lini Serikali itajenga" jibu lake kila mtu analijua kabla halijatoka, Serikali inatambua umuhimu wa wananchi wa huko na itajenga kadri fedha zitakapopatikana. Hapo hajadanganya na wala hajaahidi kitu. Linganisha na swali kama hili: "Katika mwaka huu wa fedha, ni kiasi gani kimetengwa kukamilisha boma la zahanati ya kijiji fulani, kimeshapelekwa kiasi gani kwenye akaunti, na kama hakijatengwa ni kwa sababu halmashauri haikuomba au kwa sababu iliomba ikakatwa?" Hilo haliwezi kujibiwa kwa kutambua umuhimu. Likijibiwa kwamba halmashauri haikuomba, basi umeshajua shida iko nyumbani wala sio Dodoma, na kiukweli hiyo hutokea zaidi ya watu wanavodhani.

Kitu kingine, swali la msingi mbunge analipeleka kwa maandishi mapema na wizara wanaandaa jibu, kwahiyo lile jibu limepikwa na wataalamu na limepigwa pasi. Utamu uko kwenye maswali mawili ya nyongeza ambayo muulizaji anapewa papo hapo. Hapo naibu waziri anajibu kwa kichwa chake na ndo ahadi za kweli zinapotoka, "namwelekeza Mkurugenzi wa Halmashauri", "nipo tayari kuongozana na Mheshimiwa Mbunge". Sasa kama mbunge wako hana taarifa za uhakika toka kijijini, hayo mawili atayapoteza kwenye kuomba kitu kingine kabisa, barabara, minara ya simu, tumeshaona mara nyingi.

Alhamisi kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Usimpe mbunge kero ya zahanati yako akaiulize pale, yale ni ya kisera, Spika atamkatisha tu. Ya Alhamisi ni kama hivi, wazee waliofika miaka 60 wasio na uwezo sera inasema watibiwe bure, mbona vituoni wanaandikiwa dawa za kununua, serikali ina tamko gani. Hiyo inagusa nchi nzima.

Na kuna hili ambalo halisemwi: mbunge wako akiwa waziri, haulizi maswali bungeni. Yeye ndo serikali, anajibu. Ruangwa walikuwa na mbunge ambae ni Waziri Mkuu kuanzia 2015 mpaka 2025, miaka kumi, Majaliwa hakusimama kuuliza lini zahanati ya Ruangwa itapata umeme na wala isingewezekana. Haimaanishi hakufanya kitu, waziri ana njia zake za kuongea na wenzake kwenye korido, ila wewe mwananchi huzioni na huwezi kuzidai. Ukiwa kwenye jimbo la namna hiyo mtafute mbunge wa viti maalum wa mkoa, yule anauliza swali la kijiji chochote na mara nyingi ana njaa ya hoja kuliko yule wa jimbo.

Kamati za Bunge

Hizi watu wengi hawazijui kwa sababu hazina video ya kusambaza, wanakaa chumbani na makaratasi. Lakini hapa ndo bajeti ya wizara inapochambuliwa kabla haijaingia ukumbini na hapa ndo waziri anaulizwa mara tano kitu kimoja bila kengele kumuokoa. Kwa mgawanyo uliofanyika 2023 mambo ya afya yakawekwa kwenye Kamati ya Afya na Masuala ya UKIMWI, ya ustawi yakaenda Kamati ya Ustawi na Maendeleo ya Jamii, zamani yote yalikuwa kapu moja na elimu humo humo. TAMISEMI nayo ina kamati yake. Halafu kuna LAAC, ile ya hesabu za serikali za mitaa, wanaitwa wakurugenzi wanakalishwa na ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, mezani.

Kamati haimalizii boma lako. Ukiwaandikia "zahanati yetu haina maji" watasoma wataweka pembeni, wana nchi nzima. Nguvu yao ni kwenye kitu kinachojirudia. Mfano mzuri ni sheria ya bima ya afya kwa wote, muswada ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022, ukakwama, ukaahirishwa, mvutano mmojawapo ukiwa ni hela za kuwalipia wasio na uwezo zitatoka wapi, mpaka Novemba 2023 ndo ukapitishwa. Katika muda wote huo wadau walikuwa wanaitwa kutoa maoni kamatini. Sasa jiulize watu wa kusini waliopeleka maoni ni wangapi, mkulima wa korosho ambae hela anayo miezi mitatu tu kwa mwaka angelipaje mchango, msimu wa mnada au kila mwezi? Hilo lilikuwa swali letu sisi na lilitakiwa lifike pale kwa maandishi, kurasa mbili tu, likiwa na mihuri ya vijiji vyenu.

Kwahiyo kamati itumie kwa mambo mawili. Muswada ukitangazwa na wadau wakaitwa, au ukiona tatizo lile lile Newala, Nanyumbu, Liwale na Kilwa kwa pamoja. Andika kwa Katibu wa Bunge ukitaja kamati kwa jina, na peleka mapema kabla ya Aprili bajeti haijaanza kusomwa. Ukichelewa mpaka Juni umeandika barua ya kumbukumbu. Kwa LAAC kitu cha kufanya ni kusoma ripoti ya CAG ya serikali za mitaa, huwa inawekwa wazi mwezi wa nne, tafuta jina la halmashauri yako, ukikuta jengo lenu limetajwa humo basi hauna haja ya kubishana na mtu, mpe mbunge ukurasa.

Kuna na hili la kuwa wachache. 2018 wabunge wa Mtwara na Lindi walipambana sana bungeni kwenye ushuru wa korosho zinazouzwa nje, walisema yote, na bado kura zikaenda upande wa pili. Sisemi msijaribu, nasema idadi yetu ni ndogo, kwahiyo hoja ya kusini ikienda kamatini iende na takwimu na ikiwezekana iende na mkoa mwingine wenye shida ile ile, Ruvuma au hata Rukwa.

Diwani na baraza

Hapa ndo penyewe na hapa ndo watu wanapapuuza. Baraza la madiwani linakaa kila baada ya miezi mitatu, kila diwani analeta taarifa ya kata yake, mkurugenzi yupo, mganga mkuu wa halmashauri yupo, wote ukumbini, na mwananchi unaruhusiwa kuingia kusikiliza, unakaa nyuma huko kimya. Kabla ya baraza kuna kamati, kwa halmashauri ya wilaya inaitwa Elimu, Afya na Maji, na kamati ya fedha ndo inayokaa kila mwezi. Mbunge nae ni mjumbe wa baraza, kwahiyo akikwambia hajui kinachoendelea halmashauri mwambie Mheshimiwa kiti chako kipo pale.

Nini diwani anaweza kusukuma barazani ambacho swali la bungeni haliwezi? Nesi kuhamishwa. Hii ni muhimu sana. Ajira mpya halmashauri haina uwezo nazo, kibali kinatoka Utumishi huko juu, hapo swali la bungeni linahusika kweli. Lakini ukikuta kituo cha mjini kina manesi wamejaa na zahanati ya huko bondeni ina muuguzi mmoja, akienda semina mlango unafungwa na wajawazito wanapanda bodaboda, hilo halihitaji Dodoma, mkurugenzi anaandika barua moja ya uhamisho ndani ya halmashauri. Diwani akilipeleka kwenye kamati na majina ya vituo na idadi ya watumishi wa kila kimoja, mganga mkuu atahangaika kujibu.

Na boma vile vile. Ili boma lipate hela ya kumaliziwa, zile milioni 50 zinazotajwa sana kwenye majibu ya bungeni, lazima kwanza halmashauri iwe imeliweka kwenye orodha yake. Orodha inaanzia kijijini, inapita kata, inaingia baraza, ndo inaenda mkoani na TAMISEMI. Sasa angalia kalenda, hapa panauma. Vijiji vinaibua miradi ya mwaka ujao kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili hivi, baraza linapitisha bajeti Januari au Februari, Bunge Aprili mpaka Juni, mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Na mwezi wa kumi huku kwetu kuna nini? Minada ya korosho. Watu wote wako kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wanasubiri bei, mtendaji anaitisha mkutano wa kijiji wanakuja watu wachache na wengine wanaondoka kabla ya mengineyo, muhtasari unaandikwa, miradi imeibuliwa tayari, boma halimo. Mwezi wa tano mbunge anaulizwa mbona hatumo kwenye bajeti. Mngeingiaje?

Ubaya wa diwani upo, sifichi. Wengine wanaogopa mkurugenzi, wengine wanasubiri posho ya kikao tu, na kwa sababu mara nyingi wote wa chama kimoja mambo mengi yanamalizwa kwenye kikao cha chama usiku, barazani wanakuja kuitikia. Ndo maana nasema nenda ukakae pale nyuma, diwani akiona watu wa kata yake wamekaa wanamwangalia anabadilika kidogo.

Kamati ya zahanati

Hii ni ndogo na iko karibu kuliko zote. Kila kituo kinatakiwa kiwe na kamati ya usimamizi yenye wajumbe toka kwa wananchi, mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, ndo katibu. Toka mwaka wa fedha 2017/18 hela za mfuko wa pamoja wa afya zinaenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, sio tena kupitia halmashauri, na kamati ndo inapitisha matumizi. Watu hawajui kwamba mwenyekiti wa kamati, huyo mzee mnaekutana nae msikitini, ana kauli kwenye hela za dawa.

Dawa zikiisha usikimbilie mbunge. Mama mmoja jirani yetu aliambiwa dirishani "mama dawa ya presha hamna, kanunue dukani", akarudi na kijikaratasi analalamika. Kijana wake akamwambia mama ngoja, akaenda kumuuliza mjumbe wa kamati maswali mawili tu, oda ya mwisho kwenda MSD, Bohari ya Dawa ya serikali, ilitoka lini, na ile dawa MSD walivosema hawana mliinunua kwa mshitiri au mliacha? Manake utaratibu upo, MSD wakikosa, kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji wa dawa binafsi aliyeteuliwa kwa ajili ya mkoa. Mjumbe hakujua, akaenda kuuliza kikaoni, ikaonekana oda ilichelewa kuandaliwa. Hakuna Hansard hapo, hakuna video, ila dawa zilinunuliwa. Dawa zinapopokelewa pia wajumbe wa kamati wanatakiwa wawepo washuhudie na wasaini, kaangalie kama kweli wanasaini yale maboksi wakiwa wameyaona au wanaletewa daftari nyumbani.

Udhaifu wake ni huo huo wa ukaribu, mganga mfawidhi ni mtu anaewatibu, nani anataka kumkera? Na kamati nyingine zimekufa, zipo kwenye karatasi, muda wake umeisha hakuna aliyeitisha uchaguzi. Hilo la kamati kufa ndo la kumpelekea diwani.

Sasa wewe una kero gani?

Dawa, lugha chafu, zahanati kufungwa saa nane mchana: kamati ya zahanati, wakikaa kimya diwani. Huduma mbaya unaweza pia kupiga 199 ya Wizara ya Afya, bure.

Nesi mmoja, gari la wagonjwa linalozunguka na shughuli nyingine, boma: diwani, na uanze nae mwezi wa tisa kabla korosho hazijaanza. Mbunge mpe nakala.

Mzee katozwa hela wakati ana kitambulisho cha msamaha: siku hiyo hiyo nenda kwa afisa ustawi wa hospitali, wapo kwenye hospitali kubwa. Ikiwa inajirudia kwa wazee wengi, baraza la wazee waandike, hiyo ni ya Alhamisi au ya kamati ya ustawi.

Kipimo kibovu Ligula au Sokoine, madaktari bingwa hawatoshi kule Mitengo: swali la bungeni kwa Wizara ya Afya, hapo ndo mahali pake hasa. Mpe mbunge jina la kipimo, toka mwezi gani hakifanyi kazi na wagonjwa wanaelekezwa wapi, akiuliza kwa ujumla atajibiwa kwa ujumla.

Ahadi iliyotolewa bungeni ikapotea: tafuta tarehe ya kikao kwenye Hansard, chapa ule ukurasa mmoja, nakala kwa mbunge, nakala kwa diwani, ya tatu bandika ofisi ya kijiji.

Mtoto anafanyiwa ukatili: hapa hakuna cha swali wala kikao, piga 116, haikatwi hela, au nenda dawati la jinsia polisi sasa hivi.